Uzi wa Kijani Kwenye Bareti

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani ni mtu wa kushukiwa tangu anapofungua mlango. Mteja akiniletea kitambaa hapa Nyakabanda, mtaani kwetu, hanikabidhi hivihivi. Kwanza anakipima mbele yangu kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, midomo ikitembea. Halafu kule kwake, kabla hajafika kwangu, ameshakitia alama. Amepitisha uzi mmoja pembeni, wa rangi ileile ya kitambaa, ambao mimi siuoni ila yeye anajua ulipo. Siku ya kuchukua nguo anadai na vipande vilivyobaki, anavigeuza, anapapasa. Akiukuta uzi wake anatabasamu na kuniuliza habari za watoto. Asipoukuta, mpaka jioni mtaa mzima umeshasikia kwamba nimembadilishia kitambaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyotokea kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Najua wenye kusoma wanasema hadithi ianze mwanzo. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, huko mwanzo wa jambo ulipo sikufika.

Ilikuwa baada ya vita kuanza kule kaskazini, na kabla ya ule mwaka wa mauaji ambao wengine wameuandika na bado wanauandika. Mimi ule siuandiki. Naandika huu wa kompyuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua, kwa hiyo simwingizi humu, na mwenyewe akisoma atafurahi. Alikuwepo mama yetu, mjane wa fundi na mama wa fundi, ambaye aliweka alama ya uzi kwenye kila kitu. Kuku wake walitembea na nyuzi nyekundu miguuni. Mwavuli ulikuwa na uzi, ndoo ilikuwa na uzi kwenye mpini. Hata kandambili zake za msikitini zilikuwa na uzi, na alikuwa akizikuta zilezile kila Ijumaa, jambo ambalo wanaume wengi wa mtaa huu hawawezi kulisema. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini sindano aliitunga kwa ulimi na kidole, haraka kuliko mimi.

Wa tatu ndiye mdogo wangu. Baba alisema mmoja ashike cherehani na mmoja ashike kalamu, na kalamu ikamwangukia yeye. Alisomea mambo ya umeme, akapata kazi Kacyiru, upande wa pili wa mji, kwenye ofisi moja, kutengeneza mashine zao. Vita vilipoanza askari waliwachukua watu wengi mjini kwenda kuwafunga, na yeye alichukuliwa akiwa palepale kazini, bisibisi mkononi. Sababu hatukuambiwa. Wengine walisema ni shangazi yetu aliyeolewa Kampala, maana waasi walitokea upande huo. Wengine walisema ni zile waya alizokuwa akizileta nyumbani. Alikaa ndani miezi mingi. Aliporudi hakuwa na mkanda, suruali ameishika kwa mkono, na nilivyo fundi, kitu cha kwanza nilichokitazama ni kiuno. Nilimpunguzia suruali zote. Alisimama nikimpima, akasema neno moja tu kuhusu kule alikotoka:

"Kuna mtu alinitaja, kaka."

Hakulirudia tena. Lakini tangu hapo kila aliyemsalimia alimtazama kama anayejiuliza: si wewe? Kazi hawakumrudishia. Marafiki waliacha kuja, na waliokuja aliacha kuwatokea. Hakuvuka geti. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda mpaka buibui akafanya makao ndani ya kimoja.

Kitu pekee alichokifanya ni ile mashine. Kompyuta, sisi wakati ule tuliita oridinateri, kwa Kifaransa chetu. Aliijenga mwenyewe kwa mabaki. Wazungu wa miradi walipoanza kufunga mizigo kwa sababu ya vita, ofisi zilitupa vitu, na vingine vilikuwa humu ndani tangu kabla hajachukuliwa. Sanduku hakuwa nalo. Akachukua cherehani ya marehemu baba, ile iliyokufa, akatoa chuma chote, na ndani ya lile sanduku la mbao lenye mgongo wa duara akapanga mambo yake. Kulikuwa na kibao kikubwa cha kijani alichokiita karte-meri, yaani kadi mama. Mama alipoambiwa jina hilo alifurahi, akauliza kadi baba iko wapi. Juu ya meza akaweka kioo cha rangi chenye doa la zambarau kwenye pembe. Chini pedeli ya cherehani ilibaki, haifanyi kazi yoyote.

Humo alikuwa na mchezo wa gari. Unaona barabara mbele yako, milima pembeni, na wewe unaendesha. Pazia limeshushwa, kwa sababu jirani wa mbele, muuza sabuni, alishaniuliza mara mbili kile kinacholia ndani kwetu ni nini, na zile siku swali la jirani halikuwa swali tu. Mjini vizuizi vilikuwa kila njia panda. Unatoa kitambulisho, anakisoma, anakutazama, anakisoma tena. Barabara ya mdogo wangu haikuwa na kizuizi hata kimoja. Nadhani ndiyo maana aliipenda, ingawa sikumuuliza, maana kwetu ukimuuliza mtu jambo kama hilo anaacha.

Shida ni kwamba gari halikuenda. Linakwenda kidogo, linaganda, picha yote inasimama kama ng'ombe aliyekataa daraja, halafu ghafla unajikuta umeshatumbukia mtaroni. Anarudia. Linaganda. Anapiga meza.

"Ina nini?" mama aliuliza siku moja.

"Kumbukumbu yake ndogo, mama. Inasahau barabara kabla haijaimaliza."

"Afadhali yake," mama akasema.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye bado alikuja. Mmoja tu. Alikaa meza moja na mdogo wangu kule Kacyiru, na yeye walimwacha aendelee na kazi. Kijana mrefu, mpole, Mkatoliki, kwao ni kaskazini. Alikuja Jumapili baada ya misa yake, anakaa na mdogo wangu mbele ya ile mashine, wanaongea maneno ambayo mimi siyajui, na zile saa mbili ndizo pekee katika wiki nzima ambazo nilimsikia ndugu yangu akimaliza sentensi. Niliwaza hivi: huyu akipotea, tumekwisha. Mlango huu utafungwa na hautafunguka tena.

Mama naye aliwaza, lakini aliwaza vingine.

"Kwa nini anakuja?"

"Ni rafiki yake, mama."

"Wote walikuwa rafiki zake. Wote wanaogopa, hawaji. Huyu haogopi. Mtu asiyeogopa siku hizi, mwanangu, ana sababu yake."

Nilimwambia anyamaze, lakini, niseme ukweli, usiku huo neno lake nilijifunika nalo.

Jumapili moja yule rafiki akasema anazo bareti mbili. Bareti ndiyo hiyo kumbukumbu yenyewe. Ni kipande chembamba cha kijani, urefu wa kidole, chini kina meno ya dhahabu kama ya tajiri wa zamani. Zinakwenda mbili mbili, lazima ziwe pacha, ukitia moja peke yake mashine inakataa. Na yeye kwake alikuwa ameijenga mashine yake vilevile, amepata bareti kubwa zaidi, hizi amezitoa. Atazileta.

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Hapana, mukuru wangu. Bure." Mukuru ndiyo kaka mkubwa.

Alipoondoka mama alitoka nyuma ya pazia la chumba.

"Hataki kitu?"

"Hataki."

"Mtu asiyetaka kitu anataka kikubwa."

Hapo nirudi nyuma kidogo, kuna jambo la kikombe. Kwetu mtu hakupi kinywaji kabla hajakionja. Mwenye nyumba anavuta funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakukabidhi. Ni heshima, na pia ni ushahidi, kwa kuwa sumu ni hofu ya zamani sana nchi hii, na zile siku ilikuwa imeamka na kuvaa. Basi Jumapili hiyohiyo mama alikuwa amemletea mgeni umutobe, maji ya ndizi yasiyo kilevi, maana nyumba yetu ni ya Kiislamu. Akaweka kikombe mezani, akarudi zake ndani. Hakuonja. Kijana akasema asante mama, akakishusha polepole chini, karibu na mguu wa kiti. Akaongea, akacheka, akaaga. Kikombe kimejaa.

Mama alikiokota, akaniwekea chini ya pua.

"Tazama. Nzi amekunywa, yeye hakunywa."

"Mama, hukumwonjea."

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe hujawahi kusahau kitu tangu nizaliwe."

"Nimesema nilisahau! Lakini mwenye moyo mweupe angekunywa hata hivyo." Akamwaga umutobe kwenye migomba. "Sawa. Ameogopa chetu bila kuonjwa. Na sisi hatuli chake bila kuonjwa. Hizo bareti zake azionje kwanza yeye. Kwake. Azitie kwenye mashine yake, wewe uone kwa macho, ndipo ziingie humu. Nani ajuaye ameziwekea nini?"

Mnaweza kucheka. Mdogo wangu hakucheka. Alitazama kioo chake chenye doa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwache aonje." Nikajua na yeye anamshuku, huyu huyu mmoja aliyebaki. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mama.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Nilimsubiri jioni nje ya ofisi yao, akitoka kazini.

"Kuonja?" akasema. "Kuonja bareti?"

"Uzitie kwenye mashine yako, nione zinafanya kazi."

"Mukuru, hii si pombe, si urwagwa wa ndizi."

"Ndiyo maana. Urwagwa tungeujua kwa harufu."

Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, kicheko kikarudi ndani. Akasema, "Ni mama, eeh?" Nikasema ni nyumba nzima. Akasema, "Sawa. Njoo kesho."

Nikaenda Kacyiru. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya watu, kisafi, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Mashine yake ilikuwa ya bati halisi, imefunuliwa tumbo. Ukutani, nami macho yangu ni ya kupekua mishono, kulikuwa na picha ya mtu mwenye magwanda ya jeshi.

"Kaka yangu," akasema kabla sijauliza. "Yuko mbele huko, vitani. Hatujapata habari zake muda."

Nikasema Mungu amlinde. Moyoni nikasema: haya, na hili je?

Alishika chuma cha dirisha kwanza, akasema mwili una umeme wake, unaweza kuua bareti bila kukusudia. Hilo nalo nililiweka akiba. Akazipachika zile mbili, akawasha. Kioo kikaandika namba, zikawa zinapanda, tik tik tik tik, kama mtu anayepanda ngazi na viatu vipya. Akafungua mchezo uleule wa gari. Enyi watu! Gari lilikwenda kama maji mfereji ukifunguliwa. Milima inapita, kona zinakuja, haligandi. Akanisukumia kiti.

"Endesha, mukuru."

Nikaendesha. Baada ya kona ya pili akaniuliza, "Unatafuta nini huko chini?" Miguu yangu yote miwili ilikuwa inakanyaga sakafu, mbele nyuma, mbele nyuma. Miaka ishirini na cherehani, nilikuwa natafuta pedeli. Tulicheka wote wawili mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Na katikati ya kicheko nikaona picha ya yule mwenye magwanda inanitazama, nikaacha kucheka kabla yake.

Akazitoa, akazifunga kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, nikazitia kwenye mkebe wangu wa sindano. "Leo msiziweke," akasema. "Vile vibanio vya kadi yenu vimezeeka, vinakatika. Kesho nitakuja tuziweke pamoja." Na kweli nilipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo hata tungetaka tusingeweza.

Nilimweleza mama yote isipokuwa picha.

"Zilikwenda?"

"Kama maji."

"Na kwa nini lazima awepo yeye zikiwekwa?"

"Vibanio, mama. Vimezeeka."

"Vibanio," akasema mama, kama mtu anayerudia jina la mwizi. "Mkono wake utaingia humo gizani, sisi tuko nyuma yake. Zile nzuri zilizoonjwa zinaingia kwenye mkono wa koti, mbovu zinatoka. Nimeona mafundi wakifanya hivyo na vifungo vya pembe. Baba yenu mwenyewe aliwahi kufanyiwa. Lete mkebe."

Akaulalia mkebe. Chini ya mto wake, mpaka asubuhi.

Kesho yake kijana alikuja, tena mapema, ameomba ruhusa, ili awahi kurudi kabla ya muda wa kutotembea usiku. Umeme ulikuwa umerudi. Pazia limeshushwa kama kawaida. Mdogo wangu alifunua mgongo wa sanduku la baba, mama akakaa kwenye stuli yake mlangoni, mimi nikasimama ambapo naweza kuona mikono. Kijana alikuwa amevaa koti. Nilitazama mkono wa koti lile, bitana, mshono wa kwapa, kila mahali ambapo kitu kinaweza kulala. Naye alijua natazama. Akalivua, akalitundika kwenye msumari. Akagusa chuma cha pedeli. Akafungua karatasi za sigara, akapapasa gizani, akaingiza ya kwanza, kibanio kikalia, ya pili, kikalia.

"Washa."

Mdogo wangu akawasha.

Namba hazikuja. Kioo kilikuwa cheusi. Mashine ikapiga kelele: piiii. Ikanyamaza. Piiii. Ikanyamaza. Piiii.

"Zima," kijana akasema. Akazitoa, akazirudisha. Piiii. Akabadilisha mahali, hii huku, ile kule. Piiii. Jasho lilimtoka shingoni. Nje nilimsikia muuza sabuni ameacha kumwaga maji, anasikiliza.

Mdogo wangu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akasema taratibu, "Kaka, wewe uliziona zikifanya kazi."

"Niliziona."

"Hizi hizi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Zinafanana zote, kama punje za mchele. "Alizifunga kwa karatasi mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe," mdogo wangu akarudia.

Kijana aligeuka. "Wewe, unisikilize. Jana zilikuwa nzima. Mukuru ameendesha! Mimi ningeleta mbovu ya nini?"

"Sijui. Mimi sijui watu wanafanya vitu kwa nini. Nilikaa miezi yote ile nikijiuliza mtu anafanya kitu kwa nini."

Neno hilo liliingia chumbani likakaa. Kijana alilielewa. Nilimwona anavyolielewa, uso wake ukawa kama kitambaa kilichotolewa rangi.

"Ni mimi?" akasema. "Muda huu wote unafikiri ni mimi?"

Mdogo wangu hakujibu. Mashine ndiyo iliyojibu, piiii, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Nikaizima. Kijana akageuza mifuko ya suruali nje, moja baada ya nyingine, ikabaki inaning'inia kama masikio ya mbuzi: kitana, rozari, kitambulisho. Akatoa na koti msumarini akanirushia. "Pekua, fundi. Wewe unajua mishono. Fumua ukitaka."

Nililishika koti. Sikulipekua, lakini pia sikulirudisha. Nilisimama nalo tu.

Basi mama akasema kutoka kwenye stuli yake, "Leteni hizo bareti hapa."

"Mama, acha," nikasema.

"Nimesema leteni. Hapana haja ya kupekua mtu. Nimeziwekea alama."

Tukamgeukia wote.

"Jana, mkebe ulipokuwa kwangu. Kila moja ina kitundu pembeni, Mungu si mjinga, kitundu kina kazi yake. Nimepitisha uzi. Wa kijani, rangi yao, ule wa sketi za wanafunzi. Kama uzi upo, ni zilezile zilizoonjwa. Kama haupo, amezibadilisha, na mimi nitatoka hapo nje niseme nani ni nani."

Akanyoosha kiganja. Kijana mwenyewe ndiye aliyezichomoa na kumpa. Nilimtazama usoni wakati anazitoa, na sijui niliona nini, woga au hasira. Mama akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, polepole, kama anavyotafuta uzi wa mteja. Nilijikuta nimelishika lile koti kwa nguvu mno.

"Huu hapa," akasema.

Akaigeukia nyingine.

"Na wa pili..." Ukucha ukatembea. "Huu hapa."

Akakaa nazo mkononi, amekunja uso. Nilimjua. Alikuwa ametega mtego, na sasa mtego umemwambia kitu ambacho hakukitaka. "Ni zetu," akasema. "Hakubadilisha."

"Mama," kijana akasema. "Naomba niuone huo uzi."

Akazichukua, akaenda dirishani, akavuta pazia. Hakuomba ruhusa. Mwanga wa jioni uliingia mle ndani na vumbi likaonekana limesimama, mdogo wangu akajikinga macho. Kijana aliinua bareti usawa wa pua. Kwenye kitundu cha pembeni kulikuwa na kitanzi cha uzi wa kijani, kimezunguka mpaka chini penye meno ya dhahabu, kimefungwa fundo dogo zuri ambalo hata mimi nisingelifunga vile.

Mdogo wangu alikuja akaangalia juu ya bega lake. Akaangalia sana. Halafu kikatoka kifuani mwake kitu kama kikohozi, na sikujua ni nini mpaka kilipotoka mara ya pili. Alikuwa anacheka.

"Mama! Umeifunga mguu kama kuku!"

"Nini?"

"Hicho kitundu! Kuna kijiti kwenye kadi, kinaingia humo, ndicho kinachoishika isimame wima. Umekijaza uzi! Kijiti hakiingii, bareti imelala upande, meno hayagusi!"

"Mungu si mjinga," kijana akasema, akiigiza sauti ya mama, "kitundu kina kazi yake." Nao wakashikana mabega pale dirishani, wanacheka mbele ya mtaa mzima, na muuza sabuni ng'ambo amesimama na ndoo yake.

Mama alisema lete nikate, akapeleka bareti kinywani, meno yake ndiyo mkasi wake, na wote wawili wakapiga kelele, "Mama, usitie mate!" Nikachukua wembe wangu wa kufumulia nikaukata mimi. Vipande viwili vya uzi vikabaki kiganjani mwa mama.

Kijana akaziingiza, zikasimama wima. Akawasha. Tik tik tik tik, namba zikapanda, zikapita pale zilipokuwa zikiishia zamani, zikaendelea. Mdogo wangu akafungua mchezo, gari likatoka. Halikuganda. Kona ya kwanza, ya pili, daraja, mlima. Aliendesha bila kupumua, na yule mwenzake akimwambia kata kulia, kata, wewe unaendesha kama bibi harusi!

Mama akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha umutobe. Akasimama mbele ya kijana, akahakikisha anamtazama. Akanywa funda, akalimeza, shingo ikaonekana. Akampa. Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akageuza kikombe kuonyesha.

Ningependa kuandika kwamba hapo yakaisha. Lakini mama aliponipita kurudi na kikombe kitupu alinisogelea sikioni:

"Uzi umeniambia hakuiba bareti. Lile lingine uzi haukusema kitu."

Nami nikaiona ile picha ya ukutani. Mpaka leo simjui aliyemtaja ndugu yangu. Huenda hakuna aliyemtaja, huenda ilikuwa shangazi na zile waya tu. Koti nilikuwa bado nimelishika. Nikampa mwenyewe, nikamsaidia kulivaa, na vidole vyangu, vyenyewe tu, vikapita kwenye bitana.

Kijana akasema awahi, kizuizi cha chini huwa kigumu jioni. Ndipo nilipomwona mdogo wangu ameinama chini ya kitanda. Alitoa viatu, akavigonga ukutani, buibui akaanguka akakimbia.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Namsindikiza."

Kwetu mgeni husindikizwa, mtoto mdogo anajua hilo. Lakini tangu arudi hakuwa amemsindikiza mtu hata mpaka getini. Mama alisogeza stuli yake, akawapisha. Walitoka, mmoja mrefu na mmoja mwenye suruali niliyoipunguza, na geti likalia.

Tulingoja. Kumsindikiza mtu ni mpaka penye duka la sabuni, basi, unaagana unarudi. Hakurudi.

"Wafuate," mama akasema.

Nikawafuata, nakwepa kama mwizi wa kuku. Niliwaona mbali, kwenye kona ya barabara kubwa, wamesimama wanaongea kwa mikono, bila shaka ni mambo ya kona za kwenye mchezo. Halafu wakageuka wote wawili, wakaanza kurudi huku. Nikajificha nyuma ya makreti ya muuza sabuni.

"Unamkimbia nani, fundi?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Na ule mlio wa leo ulikuwa nini?"

"Uzi," nikamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu, naye akanitazama kwa shuku kubwa.

Walinipita. Kijana alikuwa anamsindikiza mdogo wangu nyumbani. Wakafika getini, nikadhani sasa ataingia. Wakasimama. Wakageuka tena, zamu ya mdogo wangu kumsindikiza kijana. Nikarudi ndani wakiwa wamenipa mgongo.

Mashine ilikuwa imeachwa inawaka. Kwenye kioo gari lilikuwa limesimama katikati ya barabara, linanguruma peke yake, pazia wazi.

"Na hilo linamngoja nani?" mama akauliza.

"Mwenyewe."

Alivuta stuli yake akaielekeza mlangoni, akakaa, vile vipande viwili vya uzi bado anavisokota kati ya vidole. Jua lilikuwa linashuka na muda wa kutotembea ulikuwa unakaribia. Macho yake hayakuona getini, lakini masikio yalikuwa mazima. Baada ya kitambo akainua kichwa.

"Wanakuja," akasema. "Wawili."

"Tena?"

"Tena."